Nemo, Felix au Tezuka: uanze na filamu ipi?

Mtu akiuliza aanzie wapi na filamu fupi za katuni za kiajabuajabu, zile ambamo paka anachomoa mkia wake akaufanya fimbo na nyumba inaota mabawa ikapaa, mara nyingi huelekezwa kwenye Little Nemo ya Winsor McCay, mchora vibonzo wa magazeti wa Marekani, ya mwaka 1911. Mimi simwelekezi huko. Ni filamu yenye jina kubwa, lakini mgeni akianza nayo ataifunga kabla haijafika katikati, na kumrudisha baadaye ni kazi.

Ulinganisho huu ni wa mgeni huyo. Ana dakika chache, bando lina mwisho, pengine ana watoto sebuleni wanaotaka kuangalia pamoja naye. Nimechagua filamu zenye undugu wa kweli na vibonzo vya magazetini vya zamani au na manga, yaani vibonzo vya Kijapani. Ama mtengenezaji alikuwa mchora vibonzo, ama mhusika alihama kutoka gazetini, ama mambo ya ukurasa kama visanduku, viputo vya maneno na alama za mshangao yameingia ndani ya filamu yakawa vitu vya kuchezea. Filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu sikuzigusa. Hizo zina mashabiki wa kutosha.

Wengi huzipanga filamu hizi kwa nchi, za Marekani huku na za Japani kule, au kwa umri. Mimi huzipanga kwa swali moja: ajabu yake inatoka wapi? Kuna ambazo ajabu inatoka ndotoni. Mchoraji anachora kitu kisichowezekana kwa umakini wa fundi, akakipa uzito na kivuli, kikikanyaga ardhi inatitia, mpaka unakiamini. Na kuna ambazo ajabu inatoka kwenye wino wenyewe. Hapo mchoraji hataki uamini chochote. Anataka usisahau hata kidogo kwamba unatazama michoro, na ndiyo maana alama ya kuuliza iliyo juu ya kichwa cha mhusika inaweza kushikwa na kugeuzwa ndoana. Ukishajua wewe ni mtu wa ndoto au mtu wa wino, nusu ya uchaguzi imekwisha.

McCay wa ndoto: ipi kati ya zake?

Little Nemo in Slumberland kama kibonzo ilianza Oktoba 1905 katika gazeti la New York Herald. Ilikuwa ukurasa mzima wa rangi kila Jumapili. Mtoto analala, anaingia nchi ya usingizi, mambo yanaharibika, na katika kisanduku cha mwisho anaanguka kutoka kitandani na kuamka. Katika ukurasa mmoja wa 1908 kitanda chenyewe kinaota miguu mirefu kikaanza kutembea juu ya majumba ya mji. Aliyeuona ukurasa ule akisikia kuna filamu, anatarajia kukikuta kitanda hicho kikitembea.

Hakikuti. Filamu ya 1911 haina kitanda wala hadithi, na nyuma ya wahusika hakuna hata mandhari, ni weupe mtupu. Wanatokea, wananyumbuka na kubanwa, Nemo anamchora binti mfalme, joka linafungua kinywa na kuwabeba, basi. Sehemu kubwa inayotangulia ni ya watu halisi: McCay anawaahidi wenzake kwamba atachora picha 4,000 na kuzifanya zitembee, wenzake wanamcheka, kisha karatasi kwa marundo na wino kwa mapipa vinaletwa ofisini kwake. Kama wewe ni mchoraji, itazame, tena uitazame polepole, kwa sababu michoro ile ina usafi ambao studio nyingi za baadaye hazikuufikia. Kama si mchoraji, utakuwa umekula utangulizi ukakosa mlo.

Lipo na jambo jingine ambalo sisi hatuwezi kulipita kimyakimya. Mmoja wa wahusika wa Little Nemo ni Imp, kiumbe mweusi mwenye midomo iliyochorwa mikubwa kupita kiasi na nyasi kiunoni, Mwafrika wa kubuniwa na kalamu ya mtu wa New York. Yumo kwenye kibonzo na yumo kwenye filamu. Picha za namna hiyo zilikuwa za kawaida katika katuni za Marekani mpaka miaka ya 1940, na utakutana nazo hata katika kazi nyingine nzuri za wakati huo. Mtu mzima anaweza kuitazama akiwa anajua anachokitazama. Kumwekea mtoto wa miaka sita bila neno lolote ni jambo jingine.

Gertie the Dinosaur ya 1914 haina tatizo hilo, na kwa mtoto ndiyo ninayoiweka mbele ya zote za McCay. Ilianza kama onyesho la jukwaani, Chicago, Februari 1914. McCay alisimama kando ya skrini na mjeledi mkononi akimwamuru dinosa aliyechorwa: inua mguu, wasalimie watu. Gertie anatii anapotaka, akigombezwa anatoa machozi, akichoka anaramba ziwa zima likakauka. McCay anamtupia tunda. La kweli linafichwa kiganjani, la kuchorwa linadakwa na Gertie. Mwishoni McCay anapita nyuma ya skrini na hapo hapo anatokea mtu mdogo wa kuchorwa, anapanda mgongoni mwa mnyama na kuondoka naye.

Tazama mandhari ya nyuma kwa makini, miamba na ule mti. Mistari yake inatetemeka muda wote. Zama zile karatasi za plastiki za kupitisha mwanga zilikuwa bado hazijazoeleka, kwa hiyo kila mchoro wa Gertie ulihitaji mlima wake uchorwe upya, na kazi hiyo ya kunakili jiwe lile lile maelfu ya mara ilifanywa na kijana aliyeitwa John Fitzsimmons. Mtetemo ule ni mkono wake. Watoto huuona haraka kuliko wakubwa, na huuliza kwa nini mlima unapumua.

Lakini kwa mtu mzima anayetaka ndoto iliyokolea, chaguo langu si Gertie. Ni The Pet ya 1921. McCay alikuwa na kibonzo kingine tangu 1904, Dream of the Rarebit Fiend, na hiki kilikuwa cha wakubwa. Kila mara mtu anakula mkate wa kuchoma uliomwagiwa jibini ya kuyeyushwa, analala tumbo likiwa zito, anaota jinamizi, na kwenye kisanduku cha mwisho anaamka akijilaumu kwa kula ule upuuzi. Mwaka 1921 alitoa filamu tatu kutokana na wazo hilo. Katika The Pet, mke anaokota kijinyama kisichojulikana ni mbwa au nini, anakipa maziwa, anakilaza kitandani. Kesho yake kimekua. Kinakula kila kinachokaribia mdomo, paka wa nyumbani akiwemo. Mume anakwenda kununua sumu, na sumu yenyewe inakinenepesha. Mwisho kinatembea katikati ya maghorofa, kikubwa kuliko maghorofa hayo, huku ndege za vita zikizunguka kichwa chake. Hiyo ni miaka 12 kabla ya King Kong kupanda jengo lake.

Kinachoifanya imzidi Little Nemo ni mpangilio. Inaanza chumbani, na kila tukio linalofuata lina sababu kwenye tukio lililotangulia, kwa hiyo unajikuta umekubali jambo la mwisho kwa kuwa ulikwisha kulikubali la kwanza. Hakuna anayeshangaa kupita kiasi. Mume anakasirika kama mtu anayekasirishwa na mnyama aliyekojoa zuliani.

Ya pili katika hizo tatu, The Flying House, inakuja nyuma yake kwa karibu sana, na nadhani msomaji wa mjini ataipenda zaidi. Mume anadaiwa nyumba. Badala ya kulipa au kuhama, anaifunga nyumba injini na mabawa, anampakia mkewe, wanaondoka na nyumba yenyewe usiku. Wanafika mpaka mwezini. Mdai hawapati tena. McCay aliifanya pamoja na mwanawe Robert, na picha za nyumba ile ikigeuka angani, kila dirisha likiwa pale linapotakiwa kuwa, ni za mtu aliyejua kuchora majengo kama wachache walivyojua. Ya tatu, Bug Vaudeville, ni wadudu wanaofanya sarakasi. Ina picha nzuri ila haina kisa, iache mpaka uwe umezoea.

Wino unaojigeuza: Cohl na Felix

Kama dakika ulizonazo ni mbili tu, ipo Fantasmagorie ya Émile Cohl, iliyoonyeshwa Paris mara ya kwanza Agosti 1908. Cohl alikuwa na miaka 51, mchora katuni za kejeli aliyefundwa na André Gill, na aliwahi kuwa na kundi la wasanii waliojiita Incohérents, waliofanya maonyesho ya sanaa kwa makusudi ya kuchekesha. Filamu ina michoro takriban 700. Alichora kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, kisha picha ikageuzwa kuwa hasi, ndiyo maana unaona mistari myeupe kwenye weusi, kana kwamba ni chaki ubaoni.

Kuisimulia ni kuiharibu, lakini nitagusa sehemu moja. Bwana amekaa ukumbini anataka kutazama onyesho. Mbele yake anakaa mama mwenye kofia ya manyoya makubwa, haoni kitu. Anaanza kunyonyoa manyoya, moja moja. Kisha hakuna tena ukumbi, kuna chupa, chupa ikawa ua, ua likawa mkonga wa tembo, na katika tembo ukafunguka mlango. Huwezi kusema kitu kimoja kimeisha wapi na kingine kimeanza wapi. McCay hawezi kukufanyia hivyo, kwa sababu kwake nyumba lazima ibaki nyumba hata ikiwa mwezini. Kwa Cohl kila kitu ni mstari, na mstari hauna deni kwa umbo lolote.

Baadaye Cohl alikwenda New Jersey akahuisha kibonzo cha The Newlyweds cha George McManus, mwaka 1913, na hivyo akawa miongoni mwa wa kwanza kabisa kukitoa kibonzo cha gazetini na kukifanya mfululizo wa filamu. Nyingi kati ya hizo zimepotea. McManus huyo huyo ndiye anayeonekana kwenye utangulizi wa Gertie akiwekeana dau na McCay. Dunia yao ilikuwa ndogo.

Felix the Cat ndiye bingwa wa upande huu, na hapa chagua kwa uangalifu, kwa sababu filamu zake ni nyingi na nyingine ni za kujaza wiki tu. Alitoka studio ya Pat Sullivan, New York, na aliyemchora hasa ni Otto Messmer. Safari yake ni kinyume cha ile ya Nemo. Felix alianza kwenye filamu mwaka 1919, ndipo akapata kibonzo cha gazetini mwaka 1923. Ajabu ni kwamba hata kabla ya kuingia gazetini alikwisha kuishi kwa sheria za ukurasa. Akifikiri, alama ya kuuliza inatokea juu ya kichwa, kisha anaichukua. Mkia unakuwa mpini, kamba, kijiti cha besiboli. Aliyekua akisoma jarida la vibonzo la Sani na vituko vya Ndumilakuwili anajua vizuri vile vistari vya nyuma ya mguu wa mtu anayekimbia na zile nyota za mtu aliyepigwa. Hebu fikiria mhusika anaviokota na kuvifanyia kazi. Huyo ni Felix.

Filamu yake ya kwanza, Feline Follies ya 1919, ambamo bado anaitwa Master Tom, ina kichekesho kizuri sana: paka wawili wanaimba, nota za muziki zinaelea hewani, wanazidaka na kuzifanya vigari vya kuendeshea. Lakini usiwawekee watoto. Inamalizika kwa Tom, baada ya kufukuzwa nyumbani na kugundua ana watoto lukuki wa kulea, kujiua kwa gesi. Mwaka 1919 watu walicheka.

Weka Comicalamities ya 1928 badala yake. Mkono wa mchoraji unaonekana ukimchora Felix, unamwacha nusu, hana weusi. Felix anakwenda kwa mpiga viatu rangi apakwe mwili mzima. Baadaye anakutana na paka jike asiyevutia, anamwita mchoraji kutoka nje ya picha, uso unafutwa na mwingine unachorwa. Jike akishakuwa mrembo anadai vitu: nguo, lulu za baharini. Akishavipata hana haja tena na Felix. Felix anafanya ambalo mhusika wa karatasi peke yake ndiye anaweza kulifanya. Anamchana. Sijui filamu nyingine ya wakati ule iliyolifikisha wazo la karatasi mbali hivyo ikabaki inachekesha.

Wawili niwataje kwa haraka. Krazy Kat wa George Herriman ni kibonzo ambacho wengi, na mimi nimo, hukiweka juu kuliko vyote vya zama zake. Filamu zake za kuanzia 1916 hazikikaribii, na za baadaye zilimgeuza Krazy akawa nakala ya Felix, kisha nakala ya Mickey. Soma kibonzo, ziache filamu. Popeye, aliyezaliwa Januari 1929 katika kibonzo cha E. C. Segar, alipata bahati zaidi kwa ndugu wa Fleischer, watengenezaji wa filamu za katuni, kuanzia 1933. Zinachekesha, na ile minong'ono yake ya kujisemea ni burudani peke yake, ila ucheshi wake ni wa ngumi kuliko wa ndoto.

Japani: upanga butu, kisha Tezuka

Kwa anayependa manga swali linakuwa tofauti, kwa sababu wachoraji wa manga na waanzilishi wa katuni za filamu Japani walikuwa watu wale wale. Shimokawa Oten, mwanafunzi wa Kitazawa Rakuten, na Kouchi Jun'ichi walikuwa wachora manga, na wote wawili walitoa filamu zao za kwanza mwaka 1917. Iliyobaki mikononi mwetu ni Namakura Gatana ya Kouchi, iliyooneshwa Juni 1917, ikadhaniwa imepotea, mpaka mwaka 2008 ilipotangazwa kwamba nakala imepatikana Osaka.

Kisa chake ni cha barazani kabisa. Samurai mjinga ameuziwa upanga butu. Anataka kuujaribu kwa mpita njia. Anamvizia mkandaji kipofu, anapigwa teke. Anamvizia tarishi, anapigwa tena. Dakika chache tu na huna haja ya kujua Kijapani. Macho ya yule samurai, mawili makubwa yanayozunguka kila kimoja kivyake, yametoka moja kwa moja kwenye manga za magazetini za siku hizo. Ni ya wino, si ya ndoto, ila kwa upole. Kitu kinachokosekana unapoitazama leo ni sauti ya benshi, yule msimulizi aliyekaa pembeni ya skrini akieleza kisa na kuigiza sauti za wote. Kwa waliokulia vibanda vya video, benshi alikuwa DJ Afro au Lufufu wa Japani, na watu walikwenda sinema kwa ajili yake kama walivyokwenda kwa ajili ya picha.

Ukiilinganisha na Comicalamities, Felix anashinda kwa ubunifu, lakini Namakura Gatana inashinda kwa mtu anayetaka kumwekea mtoto au mzee kitu kinachoeleweka papo hapo.

Miaka ya 1930 kuna Norakuro, mbwa mweusi wa mtaani aliyeingia jeshi la mbwa. Manga yake ya Tagawa Suiho ilianza 1931 katika jarida la Shonen Club. Tagawa kabla ya hapo alikuwa msanii wa Mavo, kundi la sanaa ya uasi la Tokyo, na ukilijua hilo unaanza kuuona ule wazimu mdogo chini ya sare ya kijeshi. Filamu fupi za Norakuro zinavutia kwa wanaofuatilia historia. Kadiri muongo ulivyosonga mbele, jeshi la mbwa lilizidi kufanana na jeshi lenyewe, na kicheko kikapungua. Usianze hapo.

Sasa Tezuka Osamu, naye mchora manga. Wengi wanamjua kwa Astro Boy, roboti mtoto aliyeanza televisheni mwaka 1963. Wachache wanajua kwamba fedha na muda alivyovipata alivimwaga pia kwenye filamu fupi za majaribio, ambazo hazikuwa za kuuza chochote. Mbili kati ya hizo zinastahili kuwekwa ubavu kwa ubavu, kwa kuwa mtu mmoja alifanya ya ndoto na ya wino zikafuatana.

Jumping ya 1984 ina dakika sita na michoro kama 4,000, idadi ile ile ya Little Nemo. Hakuna kukata. Wewe mtazamaji ndiye macho ya mtu asiyeonekana, anayeruka barabarani kama mtoto anayetoka shule. Ruko la kwanza ni dogo. La pili linavuka gari. La tatu linavuka nyumba, kisha miti, kisha mji mzima, unapanda mpaka tumbo linakuja juu, unashuka, unaona paa zikija. Unavuka bahari. Unatua kwenye vita. Lipo bomu la nyuklia, na chini yake ipo jehanamu. Ilipata tuzo kuu ya tamasha la Zagreb mwaka huo huo. Itazame kwenye skrini kubwa ukiweza. Kwenye simu ile hali ya kushuka inapungua nguvu, na hiyo hali ndiyo filamu yenyewe.

Onboro Film, ya 1985, inajifanya mkanda wa kale uliochakaa, wenye mikwaruzo na vumbi, unaoruka ovyo. Ndani yake kuna ng'ombe-boi, mbaya wake, na binti wa kuokolewa, visa vya sinema kimya visivyo na jipya. Jipya ni kwamba ng'ombe-boi anaijua mikwaruzo. Mkanda ukiteleza, ile mistari mieusi inayotenganisha fremu moja na nyingine inaingia katikati ya skrini, naye anaigeuza kuwa kitu cha kupandia. Kasoro za mkanda ndizo zinazomkwamisha na ndizo zinazomwokoa. Ilichukua tuzo kuu katika tamasha la kwanza la kimataifa la katuni la Hiroshima, 1985.

Ningeambiwa nichague moja tu katika makala haya yote, ningeichagua hii. Jumping inakushangaza mara moja, kwa nguvu sana. Ukiirudia unajua unakoelekea. Onboro Film inazidi kuchekesha kadiri unavyozijua zile za kale inazozitania, na hapo ndipo ninapowashauri watu waitazame baada ya Felix. Mtoto wa sasa ambaye hajawahi kuona mkanda wa filamu ukikwama hataelewa nusu ya mizaha, na sijui namna ya kumsaidia zaidi ya kumweleza.

Kuri Yoji ni njia ya tatu. Naye alikuwa mchora manga, mmoja wa wasanii watatu waliounda kundi dogo la katuni huru Tokyo mwaka 1960. Katika Ai, ya 1963, mwanamke mkubwa anamfukuza mwanamume mdogo huku sauti zikirudia neno moja tu la Kijapani, ai, yaani mapenzi, kwa kunong'ona, kwa kulia na kwa kufoka, katika kazi ya sauti ya Takemitsu Toru. Ni fupi na ina ukali. Kuna watakaocheka na kuna watakaouliza hii nini. Kama jibu lako kwa Fantasmagorie lilikuwa la pili, ruka.

Kuna mrithi mmoja wa Marekani ambaye hafai kuachwa, Sally Cruikshank. Quasi at the Quackadero ya 1975 ni dakika kama kumi za bata mvivu anayepelekwa kwenye uwanja wa burudani ambako unaweza kuona ndoto uliyoota jana usiku ikionyeshwa, au kioo kinachokuonyesha uzeeni. Mwenzake Anita anapanga kumsukumiza ndani ya tundu la wakati. Rangi zimejaa mpaka pembeni, na wahusika wanayumbayumba kwa mtindo wa Fleischer, hata wakiwa wamesimama. Tangu 2009 imo katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na taifa la Marekani. Aliyeipenda The Flying House ataingia humu bila kubisha hodi.

Kuhusu kuzipata: za Marekani zilizotolewa kabla ya 1929 haki zake zimekwisha huko, kwa hiyo nakala za McCay na Felix zimejaa mtandaoni bila malipo. Namakura Gatana ipo kwenye tovuti ya hifadhi ya taifa ya filamu ya Japani iliyofunguliwa 2017, katika mwaka wa miaka mia ya katuni zao. Jihadhari na mambo mawili katika nakala za bure. La kwanza ni mwendo: filamu za kimya zikichezeshwa kwa kasi ya sasa, wahusika wanakimbia kama wanaofukuzwa na polisi, na Gertie anapoteza uzito wake wote. Ukiona hivyo, tafuta nakala nyingine au punguza kasi kwenye simu. La pili ni muziki, maana wengi hubandika piano yoyote waliyoipata. Kwa Fantasmagorie na The Pet, mimi huzima sauti kabisa. Kwa Jumping na Ai usithubutu, kwani hizo zilitengenezwa na sauti zake.